Mbona AC inajiwasha yenyewe ukitoa ukungu kwenye kioo cha mbele?

Mvua inanyesha, kioo cha mbele kinaanza kushika ukungu, unabonyeza kile kitufe chenye picha ya kioo na mishale inayopanda juu, na hapohapo taa ya AC nayo inawaka wakati hujaigusa. Kuna gari ukiizima inakubali, kuna nyingine haikubali mpaka utoke kwenye hiyo mode, na kuna nyingine taa haiwaki kabisa lakini kompresa, ile pampu ya kukandamiza gesi ya AC, iko kazini kimyakimya. Hapo ndo maswali yanapoanza: mbona nje kuna baridi afu gari inawasha AC, si itazidisha baridi, si baridi ndo inaleta ukungu, au mfumo wa umeme una shida?

Hamna shida yoyote, gari inafanya ilichoundwa kufanya. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeijua AC kama mashine ya kuleta ubaridi, wakati kwenye suala hili la kioo kazi yake kubwa ni kukausha hewa. Ubaridi ni njia tu inayoitumia kukamata maji yaliyomo hewani, ukishalielewa hilo maswali mengine karibu yote yanajijibu.

Tuweke maneno sawa kwanza, maana hapo ndo watu wanapopishana. Feni ni ile inayosukuma hewa tu, haipoozi wala haipashi joto, ile namba 1 mpaka 4 unayozungusha ni nguvu ya feni basi. AC ni mfumo wa gesi na kompresa, unaowashwa na kitufe kilichoandikwa A/C. Hita ni redieta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inapitisha maji ya moto yaliyotoka kwenye injini, na ndo inayopasha hewa ukisogeza swichi upande mwekundu. Difrosta ya kioo cha mbele haina mtambo wake peke yake, ni mpangilio tu wa hivyo vitatu, feni na AC na hita, na hewa ikaelekezwa kwenye kioo. Difrosta ya kioo cha nyuma ni kitu kingine kabisa, ni nyuzi nyembamba za umeme zilizoganda kwenye kioo chenyewe, zinapata moto zinapasha kioo, hazihusiani na AC wala hita na ndo maana ina kitufe chake peke yake. Kwenye gari nyingi inajizima baada ya dakika kadhaa kwa sababu inakula umeme mwingi.

Sasa ukungu wenyewe. Hewa tunayovuta ina maji ndani yake ambayo huyaoni kwa sababu yako katika hali ya mvuke, na kiasi cha mvuke ambacho hewa inaweza kubeba kinategemea joto lake. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba kama gramu 30 za maji kwa kila mita moja ya ujazo, ikishuka mpaka nyuzi 20 inabeba kama 17, ikifika nyuzi 10 uwezo wake unakuwa gramu 9 na kidogo, na kwenye sifuri hata 5 hazifiki. Kwa hiyo hewa yenye gramu 17 ikigusa kitu chenye nyuzi 10, zile gramu zilizozidi lazima zitoke, na zinatoka kama matone kwenye hicho kitu. Ni kilekile unachokiona kwenye chupa ya maji iliyotoka kwenye friji, ukiiweka mezani inatoka jasho kwa nje, na yale maji hayajavuja kutoka kwenye chupa, yametoka kwenye hewa iliyoizunguka. Kioo cha gari wakati wa mvua ndo hiyo chupa, ila tofauti ni kwamba upande wa baridi uko nje na jasho linatokea ndani ulikokaa wewe.

Na maji ya ndani ya gari yanatoka wapi? Kwa sehemu kubwa yanatoka kwetu. Mtu mzima aliyekaa tu ametulia anatoa zaidi ya gramu 40 za maji kwa saa kupitia pumzi na ngozi, na nafasi ya ndani ya gari ndogo ni kama mita 3 za ujazo, yaani hewa yake yote ikiwa nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 50 hivi. Weka watu wanne, funga vioo vyote, ongeza nguo zilizolowa, mwavuli na zulia lililokanyagwa na viatu vyenye maji, dakika chache tu hewa imeshiba na haina pa kuyapeleka zaidi ya kwenye vioo. Ndo maana ukiwa peke yako gari inaweza isikusumbue afu ukibeba abiria inakuwa vita.

Kwa hiyo kupambana na ukungu wa ndani kuna njia mbili. Unaweza kupasha kioo kiwe na joto la kutosha maji yasiweze kukaa juu yake, au unaweza kupunguza maji yaliyomo hewani. Hita inafanya la kwanza. AC inafanya la pili. Difrosta inazitumia zote mbili kwa pamoja, na hili ndo linalowachanganya watu kwa sababu kichwani mwetu hita na AC ni maadui, moja ikiwaka nyingine inatakiwa izime.

Tuangalie hewa inavyosafiri. Feni inaivuta, inapita kwenye filta ya hewa ya ndani, afu inakutana na evaporeta. Evaporeta ni kitu kama redieta chenye mapezi mengi membamba ya alumini, na ndani yake ndo gesi ya AC inapochemkia. Naposema inachemka simaanishi moto, gesi ya R-134a ambayo imetumika kwenye gari nyingi tangu miaka ya 1990 inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa, na kitu chochote kinachochemka kinanyonya joto kutoka kwa kilicho jirani yake. Kinachonyonywa joto hapa ni hewa inayopita kwenye mapezi. Kompresa, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, kazi yake ni kuinyonya ile gesi na kuikandamiza, inatoka ikiwa ya moto sana, inapelekwa kwenye kondensa iliyoko mbele ya redieta kubwa, inatoa joto lake nje na kurudi kuwa kimiminika, afu inapita kwenye tundu dogo la valvu, mgandamizo unashuka ghafla na inaanza kuchemka tena kwenye evaporeta. Mzunguko ndo huo, hakuna gesi inayotumika na kuisha.

Evaporeta inabaki kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, haiachwi ishuke chini ya hapo kwa sababu maji yangeganda kwenye mapezi na kuziba njia ya hewa. Hewa yenye unyevu ikigusa ubaridi huo, maji yanajikusanya kama matone juu ya mapezi, yanachuruzika chini na kutoka kwa mpira mdogo unaotokeza chini ya gari. Yale maji masafi yanayodondoka chini ya gari ukipaki baada ya kutumia AC ndo hayo, na ndo ushahidi kwamba mashine inakausha hewa kweli.

Baada ya evaporeta hewa inafika kwenye hita. Huu mpangilio ndo siri yenyewe, kwenye gari za kawaida evaporeta inatangulia na hita inafuata. Chukua hewa ya siku ya mvua yenye nyuzi 15 iliyoshiba maji, ina karibu gramu 13 kwa mita ya ujazo. Evaporeta ikaishusha mpaka nyuzi 4, nusu ya maji yote yanabaki kwenye mapezi na hewa inatoka na gramu 6 na kitu. Sasa hita inaipasha mpaka nyuzi 40, na hewa ya nyuzi 40 ina uwezo wa kubeba gramu 50 lakini hii imebeba 6 tu, yaani imetumia asilimia 13 hivi ya uwezo wake. Hewa ya namna hiyo ina kiu kali, ikipigwa kwenye kioo inayanywa yale matone kwa kasi na wakati huohuo inakipasha kioo kisishike ukungu mwingine. Hita peke yake ingeleta hewa ya moto yenye gramu zilezile 13, ingesaidia, ila polepole, na maji mengi yangebaki yanazunguka humohumo ndani. AC peke yake bila joto ingekausha lakini ingekiacha kioo cha baridi. Zikiwa pamoja kioo kinasafika haraka.

Na kwa kweli kukausha hewa ndiko AC ilikoanzia. Mwaka 1902 Willis Carrier, injinia wa Marekani, alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York, ambako unyevu wa hewa ulikuwa unafanya karatasi zitanuke na kusinyaa na rangi zisikae mahali pake. Shida ilikuwa unyevu, ubaridi wa kumstarehesha mtu ulikuja kutiliwa maanani baadaye. Kwenye gari AC ya kiwandani ilianza kuuzwa na Packard kwenye matoleo yake ya mwaka 1940, na kwa miaka mingi ikahesabika kama anasa, nadhani ndo maana mpaka leo watu wanaiona ni kitu cha starehe unachoweza kukizima kuokoa mafuta. Kwenye mvua mimi siioni hivyo. Inatumia mafuta kidogo ndiyo, kwa sababu injini ndo inayoizungusha kompresa, lakini dereva asiyeona mbele ni hatari kubwa kuliko hayo mafuta, na difrosta ni kifaa cha usalama sawa na waipa na taa.

Kuna kitufe kingine ambacho kinaharibu kazi yote hii, kile chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake. Kikiwa kimewaka, feni haivuti hewa ya nje, inazungusha ileile ya ndani. Kwenye jua kali kinasaidia kupooza haraka kwa sababu unapooza hewa ambayo tayari imeanza kupoa, na kwenye vumbi au moshi wa lori lililo mbele yako ni kizuri vilevile. Ila kwenye ukungu ni tofauti, unakuwa unazirudisha pumzi za watu wote kwenye kioo tena na tena, na kama AC nayo imezimwa hakuna kinachoyatoa hayo maji kabisa. Hata kama nje mvua inanyesha, hewa ya nje mara nyingi ina maji machache kuliko ya ndani kwa sababu ni ya baridi zaidi. Gari nyingi ukiweka difrosta zinahama zenyewe kwenda kwenye hewa ya nje, za zamani lazima usogeze mwenyewe. Na hata bila ukungu, kukaa muda mrefu na hewa inayozunguka ndani kunajaza kabonidioksaidi inayotoka kwenye pumzi na mtu anaanza kusinzia, kwa safari ndefu si vizuri kabisa.

Lingine linalowashtua watu ni ukungu wa ghafla. Umeendesha na AC, kioo kiko safi, unaamua kuizima ila feni unaiacha, na ndani ya dakika moja kioo kizima kinakuwa cheupe. Kilichotokea ni kwamba mapezi ya evaporeta yamejaa maji, kompresa ikizima mapezi yanaanza kupata joto na yale maji yote yanageuka mvuke, feni inausukuma ndani, na kama hewa inazunguka ndani tu basi wote unaishia kwenye kioo. Uko kwenye mwendo hiyo ni hatari. Ukitaka kuzima AC wakati wa unyevu fungua hewa ya nje kwanza, au izime dakika chache kabla ya kufika unakoenda, hewa ikiwa inaelekea miguuni.

Sasa kuna ukungu wa aina ya pili ambao unahitaji tiba iliyo kinyume kabisa, na hapa ndo naona madereva wengi wanajiumiza. Ni ule wa nje ya kioo. Sehemu zenye joto na unyevu mwingi, hasa usiku au alfajiri, hewa ya nje inaweza kuwa nyuzi 28 na imebeba maji karibu ya kushiba, afu wewe ndani umeweka AC ya baridi kabisa na upepo unapiga kioo. Kioo kinapoa, na safari hii jasho linatokea upande wa nje, yaani chupa imerudi kuwa chupa. Mtu anaona ukungu, anabonyeza difrosta huku joto liko kwenye baridi kabisa, baridi inazidi kupigwa kwenye kioo, ukungu unazidi, anazidisha feni, unazidi tena. Namna ya kujua ni uko upande gani ni rahisi, pitisha kidole kwa ndani, kikiacha alama ni wa ndani, kisipobadilisha kitu ni wa nje. Ukiwa wa nje washa waipa, hamisha upepo kutoka kwenye kioo uje usoni, na punguza ubaridi. Basi. Hapo hauhitaji hita ya moto mkali wala kusimama pembeni.

Kwenye baridi ya kuganda mambo yanabadilika kidogo. Nje ikikaribia sifuri, gari nyingi zinaizuia kompresa isiwake kabisa hata kama taa ya AC imewaka, ili evaporeta isigande. Mtu anaweza kudhani AC imekufa wakati imezuiwa tu. Haileti shida kwenye ukungu kwa sababu hewa ya nyuzi sifuri ina chini ya gramu 5 za maji, tayari ni kavu, ukiivuta kutoka nje na kuipasha inafanya kazi yote bila msaada. Ila barafu iliyoganda nje ya kioo inataka joto, na joto linatoka kwenye injini ambayo ikiwa ya baridi haina cha kukupa kwa dakika kadhaa za mwanzo. Wanaotaka kuharakisha wanamwaga maji ya moto kwenye kioo, tafadhali usifanye hivyo, kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, upande mmoja ukitanuka ghafla na mwingine bado wa baridi kinaweza kupasuka, na kama kilikuwa na alama ndogo ya jiwe ndo kabisa.

Kufuta kwa mkono au kitambaa nako kunaonekana msaada lakini maji yanabaki ndani ya gari, yanarudi baada ya muda mfupi, na mafuta ya mkono yanaacha michirizi inayowaka usiku taa za gari nyingine zikikupiga. Kinachosaidia kweli ni kuosha kioo kwa ndani mara kwa mara, hata kama huvuti sigara, kwa sababu plastiki za dashibodi zikipigwa na jua zinatoa mvuke unaojenga utando mwembamba kwenye kioo, na matone ya ukungu yanapenda kushika kwenye uchafu.

Ikiwa unafanya yote sawa na kioo bado kinasumbua, kuna vya kukagua. Filta ya hewa ya ndani ikiziba feni inapiga kelele tu hewa haitoki. Ule mpira wa kutolea maji ukiziba, maji ya evaporeta yanamwagikia chini ya zulia, mara nyingi upande wa abiria wa mbele, na gari inakuwa na unyevu na harufu ya uvundo kila siku, shika zulia uone kama limelowa. AC ikiwa haina gesi ya kutosha haikaushi vizuri, na hapa kuna imani nyingine ya kurekebisha, kwamba gesi inaongezwa kila mwaka kama vile inaisha. Mfumo umefungwa, ikipungua haraka kuna mahali inavuja, fundi anayekuongezea bila kutafuta tundu anakufanya urudi. Na kama ukungu una mafuta mafuta, hautoki hata na difrosta, na ndani kuna harufu tamutamu, usilaumu hali ya hewa, hapo redieta ndogo ya hita inavuja na unachokiona kwenye kioo ni mvuke wa kulanti, yale maji ya kupoozea injini yanayopita kwenye hita. Angalia kiwango chake kikiwa kimepungua, peleka gari kwa fundi mapema, kwa sababu kulanti ina sumu na injini inaweza kuja kuchemka.

Gari za umeme zinatumia kanuni hizihizi, ila hazina injini ya kutoa joto la bure. Hita yake ni ya umeme, au inatumia mfumo wa AC wenyewe kuvuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani, na kompresa inazungushwa na mota badala ya mkanda. Faida yake ni kwamba joto linakuja mapema bila kusubiri injini ipate moto, na hasara ni kwamba yote yanatoka kwenye betri ileile inayoendesha magurudumu, kwa hiyo ukiwasha difrosta utaona kilomita zilizobaki zinapungua kwenye skrini. Nyingi zinakuruhusu kupasha kioo gari ikiwa bado imechomekwa kwenye chaji, itumie hiyo kila unapoweza.